Mvua Niliyoandika Bila Kupanda Kilimani

Mwezi uliopita nilikuwa nimepanga foleni ya chai katika ukumbi wa kanisa moja karibu na soko la Kosele, kikombe cha plastiki mkononi, nilipoliona daftari langu la utotoni ukutani. Si lenyewe, rafiki yangu, bali picha ya ukurasa wake mmoja, imekuzwa kwa ile mashine ya kumulika hadi ikawa kubwa kuliko mlango. Mwandiko ule ningeutambua popote. Nne zangu zilikuwa na miguu mirefu kama korongo, na pembeni mwa karatasi kulikuwa na alama ya kidole gumba chenye mafuta.

Nilikuwa nimetoka Migori mjini, ambako ninafanya kazi ya uuguzi katika zahanati, nikaja kupalilia kaburi la dani. Dani ndivyo sisi Wajaluo tunavyomwita nyanya. Jirani yetu wa zamani, mama ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, ndiye aliyenivuta kwenye mkutano ule. "Twende," aliniambia, "kuna watu wa utafiti wa hali ya anga, na kuna mandazi." Kwetu maneno hayo mawili yakikaa pamoja, ukumbi hujaa.

Mbele alisimama binti mmoja mtafiti, kijana bado, sauti yake laini lakini inafika nyuma. "Tuna bahati sana na kilima hiki," alikuwa akisema. "Vilima vingi vya Homa Bay na Migori havina rekodi yoyote ya mvua. Hapa kwenu kulikuwa na mwanafunzi wa shule ya msingi aliyepanda juu kila asubuhi, karibu miaka miwili, akapima na kuandika. Kila asubuhi. Mtoto! Tungempata leo tungempa mkono."

Watu wakapiga makofi. Jirani yangu akanigusa kwa kiwiko akitabasamu, maana alijua ni mimi. Mimi nikakirudisha kikombe mezani kikiwa kitupu, nikatafuta kiti cha nyuma kabisa.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kumweleza mtu, hata mume wangu.

Nililelewa na dani chini ya kilima kile. Baba alikuwa kwenye machimbo ya Osiri akichimba dhahabu, na mama alikuwa naye kule akiwapikia wachimbaji, kwa hiyo mimi niliachwa kwenye nyumba ya udongo yenye harufu ya moshi na samli. Asubuhi tulikunywa uji wa wimbi uliochachuka kidogo, pamoja na kiazi kitamu kilicholala kwenye majivu ya moto. Mchana shuleni, jioni kutafuta kuni, kufunga mbuzi, kuchambua mboga. Dani alikuwa Msabato wa dhati. Ijumaa jua likianza kuteremka, nyumba nzima ilikimbia: mitungi ijazwe, kuni zikatwe, nguo zikunjwe, nyoyo ya mahindi na maharagwe iive. Jua likishazama, hakuna mkono ulioruhusiwa kufanya kazi hadi Jumamosi jioni.

Asubuhi nyingi kilima chenyewe kilivaa wingu kichwani. Ubavuni mwake, mwendo mfupi kutoka nyumbani, kulikuwa na chemchemi iliyotoka chini ya jiwe jeusi. Kijaluo chemchemi huitwa soko, na wageni waliojua Kiswahili tu walishangaa kusikia tunateka maji sokoni. Maji yale yalikuwa baridi hata kiangazi. Ukiyanywa kwa kiganja yaliumiza meno. Mvua za kwanza zikipiga, kumbikumbi walitoka ardhini karibu na lile jiwe kama moshi, nasi watoto tuliwakimbilia na ungo, wengine tukiwatafuna wakiwa bado wanapigapiga mabawa.

Dani alikuwa mtu wa kuulizwa. Kila mwaka kabla ya chwiri, msimu wa mvua ndefu, wanawake walikuja kumuuliza kama wapande au wangoje. Hakuwa mganga, na ukimwita hivyo alikasirika. Alikuwa anaangalia tu. Alitia mkono ndani ya chemchemi akausikiliza ubaridi. Aliangalia wingu limeegemea bega gani la kilima. Alihesabu polepole mtungi ukijaa, mdomo wake ukicheza bila sauti. Kisha alisema, "Ngojeni wiki moja," au "Pandeni," na wanawake walikwenda zao. Sikumbuki akikosea, ingawa labda alikosea na mimi nilikuwa mdogo.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu wetu wa jiografia alikuja nyumbani na bwana mmoja kutoka chuo kikuu. Bwana yule alivaa kofia ya jua na viatu vizito, akakaa kwenye kigoda cha dani bila kujivuna. Alieleza kwamba anatafuta kujua mvua inavyobadilika katika vilima vinavyozunguka ziwa. Watu wengi hupima mvua mahali wanapofika kwa urahisi, alisema, mjini, kwenye ofisi, kwenye uwanja wa ndege. Juu vilimani hakuna anayepima, na huko ndiko mabadiliko yanakoanza kuonekana. Alitaka mtoto mwenye akili, mwenye miguu mizuri, na mkweli. Hilo neno la mwisho alilisema mwalimu, akiwa ameniwekea mkono begani.

"Huyu," mwalimu alisema. "Huyu hajawahi kunidanganya."

Wakachimba shimo dogo juu ya kilima, wakasimamisha kipimamvua: mkebe mrefu wa shaba wenye mdomo kama faneli, na ndani yake chupa ya kuhifadhi maji. Wakazungusha waya kuzuia mbuzi. Nikapewa glasi nyembamba yenye mistari ya milimita na daftari lenye jalada gumu. Kazi ilikuwa rahisi: panda kabla ya shule, mimina maji ya chupa ndani ya glasi, soma mstari, andika, mwaga, rudisha. Kama hakuna maji, andika sifuri. Bwana yule aliniinamia akasema, "Sifuri pia ni habari. Usiionee haya." Kila mwisho wa mwezi mwalimu alinakili nambari zangu na kumpelekea.

Nilipanda kweli, rafiki yangu. Naomba uniamini hapo. Miezi ya mwanzo niliipenda kazi ile kuliko kitu chochote. Nilitoka kukiwa bado na rangi ya kijivu, nyasi zikinilowesha hadi magotini, kwale wakilalamika vichakani. Juu upepo ulinipiga usoni, na mbali niliona ziwa likimetameta kama bati jipya. Niliinua ile glasi mbele ya macho yangu kwa uangalifu wa padri anayeinua kikombe. Nikirudi, dani aliniuliza, "Kilima kimesema nini?" Nikamwambia, naye akatikisa kichwa kuonyesha kwamba ndivyo hivyo, alikuwa ameshajua.

Kosa lilianza Sabato. Jumamosi dani hakunikubalia kupanda. "Kupima ni kazi," alisema. "Mvua ya Mungu itangoja Jumapili." Basi Jumapili nilikuta maji ya siku mbili ndani ya chupa moja. Nifanyeje? Kwenye daftari kulikuwa na mstari wa Jumamosi na mstari wa Jumapili. Ningemuuliza mwalimu angeniambia. Lakini niliona aibu kuonekana sijui, kwa hiyo nikagawanya. Kama maji ni kumi na nne, nikaandika nane na sita, maana saba na saba zingeonekana za uongo. Unaona? Wiki ya kwanza tu nilikuwa nimeshajifunza kuufanya uongo uonekane kweli.

Halafu kukaja baridi. Wasichana wa darasa letu wakaanza kunicheka kwa sababu nilifika shuleni na sketi iliyolowa na sweta limejaa mbegu za kishona nguo. Waliniita mbuzi wa kilimani. Asubuhi moja nilifika kwenye chemchemi nikaketi juu ya jiwe kumaliza kiazi changu. Kilikuwa na moto, na kilinipasha viganja. Nikatazama juu. Usiku kulikuwa na manyunyu kidogo. Nikafungua daftari nikaandika tano.

Hakuna kilichotokea. Mwalimu alinakili ile tano kama nambari nyingine zote.

Kuanzia hapo nilipanda mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa wiki mbili, kisha sikupanda kabisa. Niliketi penye chemchemi hadi muda ukatosha. Kabla ya kurudi nililowesha sketi yangu kwa umande wa majani ya migomba, na nilichuma mbegu za kishona nguo kwenye ua nikazipachika kwenye sweta moja moja, zile zile nilizokuwa nikichekwa kwazo, ili dani azione. Dani alizitoa kwa vidole vyake jioni, akiniambia pole. Nilikaa kati ya magoti yake huku akizitoa. Sijui kama nimewahi kujidharau kuliko hapo, na bado kesho yake nilifanya hivyo hivyo.

Nambari nilizobuni zilikuwa nzuri. Niliangalia kurasa za mwanzo, zile za kweli, nikafanya za baadaye zifanane nazo; nikikosa ya kuandika, saba ndiyo iliyonijia kwanza. Kwenye daftari langu kilima kiliendelea kupata mvua kama zamani. Mvua yangu ilikuwa na adabu, ilikuja kwa wakati wake na ikaondoka kwa wakati wake.

Huko nje mambo hayakuwa hivyo. Chemchemi ilianza kupungua. Kwanza maji yaliacha kuimba chini ya lile jiwe, kisha wanawake wakaanza kupanga foleni, na mara mbili nikaona wakivutana mitungi. Chwiri ilichelewa, na ilipokuja ilipiga kwa fujo siku tatu ikaondoka. Dani alikuwa wa kwanza kusema kwamba mvua ya juu imepungua. Akaenda nyumba hadi nyumba kuwaambia wanawake waende kwa chifu waombe tangi na mabomba kutoka mto wa bondeni, kabla maji hayajakauka kabisa. Jirani yetu, huyu wa mandazi, wakati huo bado bi harusi mgeni mwenye kucheka kwa nguvu, alisema mama mzee anapenda kuogopesha watu. Lakini walikwenda, na chifu akaitisha baraza.

Alikuja afisa mmoja wa maji kutoka mjini. Hakuwa mtu wa kwetu, kwa hiyo alisema Kiswahili. Aliketi kwenye kiti cha shule kilicholetwa uwanjani, na magotini alikuwa na karatasi. Nilizijua karatasi zile hata kabla hajazifungua. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, alikuwa amempa nakala.

"Akina mama," afisa alisema, "nimesikia malalamiko yenu. Lakini mvua ya kilima hiki haijapungua. Iko hapa, imeandikwa siku baada ya siku. Kama maji yamepotea, ni kwa sababu mnakata miti na mnateka ovyo. Pandeni miti. Tangi litaenda mahali ambapo kuna ukame wa kweli."

Dani akasimama. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuza mtama, na alikishika kwa mikono miwili.

"Mimi sijui kuandika," alisema. "Lakini hiyo maji nimeteka tangu niolewe. Mtungi ilikuwa inajaa nikihesabu mpaka ishirini. Sasa nahesabu mpaka nachoka. Miti tumekata, ni kweli, sikatai. Lakini mvua huko juu imepungua."

"Labda ni macho yamepungua, mama," afisa akasema kwa upole, akitabasamu, na watu wakacheka. Jirani yetu alicheka kuliko wote. Nakumbuka kicheko chake.

Dani hakucheka wala hakukasirika. Aligeuka akanitafuta katikati ya watoto, akaninyooshea mkono.

"Basi uliza huyu mtoto. Ni yeye anapanda. Yeye hasemi uongo."

Nikasimamishwa. Afisa alinitazama vizuri, kama mtu anayetaka kweli kujua. Alikuwa mtu wa haki, nadhani. Angesikiliza.

"Msichana, hizi nambari uliandika vile ulivyoona?"

Mwalimu alikuwa pale, amefunga tai. Wasichana wa darasa letu walikuwa pale. Dani alikuwa amenielekeza uso wake wote, bila wasiwasi hata kidogo.

"Ndio," nikasema.

Ni neno moja tu. Nimesema maneno mengi mabaya maishani, ndugu yangu, lakini nikijitafuta ndani yangu usingizi ukinikataa, ninalolikuta ni hilo.

Tulirudi nyumbani. Dani alitembea mbele. Tulipofika alikaa jikoni muda mrefu bila kuwasha moto, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayesema chumvi imekwisha, "Kumbe nimezeeka. Sikujua."

Ningependa kukuambia kwamba alijua siri yangu akanisamehe kimyakimya. Hadithi nyingi za nyanya huishia hivyo. Mimi sidhani. Nadhani aliniamini, na kwa sababu aliniamini mimi, aliacha kujiamini mwenyewe. Wanawake walipokuja mwaka uliofuata kumuuliza kama wapande, aliwaambia, "Mimi sina tena macho ya mambo hayo. Ulizeni mtoto, ana kitabu." Wawili watatu waliniuliza kweli. Nilijibu chochote. Wengi waliacha tu kuja.

Na asubuhi, nikitoka kuelekea shuleni, dani aliniuliza kwa heshima mpya iliyoniumiza, "Leo kitabu kinasema nini?" Hakuuliza tena kuhusu kilima.

Baada ya baraza nilijaribu kutengeneza. Nilipanda tena kwa kweli, wiki tatu mfululizo, isipokuwa Sabato. Nilikuta waya umelala, mkebe umeinama kidogo, na ndani ya chupa mjusi mkavu. Niliusafisha, nikausimamisha wima, nikapima. Sifuri. Sifuri. Mbili. Sifuri. Niliandika kama nilivyoona, nikifurahi, nikidhani nimerudi kwenye njia.

Mwisho wa mwezi mwalimu aliniita mezani kwake. Alikuwa amekunja uso.

"Hii imekuwaje? Mwezi uliopita vizuri, halafu huu unaanguka namna hii? Unasoma vibaya. Unasoma juu ya mstari au chini ya mstari?"

"Nasoma vizuri, mwalimu."

"Hapana, kuna kosa. Mtu wa chuo atasema tumezembea. Kuwa makini."

Hapo pia nilipewa nafasi. Ningesema, mwalimu, hizi ndizo za kweli, zile nyingine ndizo kosa. Mlango ulikuwa umefunguliwa mara ya pili. Nikasema, "Nitakuwa makini." Na mwezi uliofuata nilikuwa makini sana: niliketi penye chemchemi, ambayo sasa ilikuwa inatoa maji ya kujaza sufuria tu, nikaandika mvua nzuri.

Nilipoenda sekondari huko Rangwe, kazi iliachwa, na daftari nikamwachia mwalimu. Hakuna mtoto mwingine aliyetaka. Mkebe wa shaba uliibwa, labda uliyeyushwa ukawa sufuria ya mtu. Chemchemi ilikauka nikiwa kidato cha pili. Dani alianza kuteremka hadi mto wa bondeni, na kupanda tena na mtungi kichwani, akisimama kila baada ya hatua chache kushika kiuno. Likizo nilimbebea maji. Nilibeba mengi kuliko yaliyohitajika, nikajaza hata mabeseni, naye akaniambia watu wataniona ni mwendawazimu. Alifariki nikiwa chuo cha uuguzi. Kila likizo nilikuwa nimejiambia safari hii nitamwambia, na kila likizo kulikuwa na wageni, au alikuwa amechoka, au mimi nilikuwa mwoga.

Sasa turudi ukumbini.

Binti mtafiti aliweka picha nyingine ukutani, mstari mwekundu unaopanda na kushuka. Akaeleza kwamba vilima vingine ambavyo wamepata habari zake vinaonyesha mvua ikipungua na kuvurugika mapema. Hiki cha kwetu peke yake kilibaki sawa miaka ile. "Kilima chenu kilikaidi," alisema, na watu wakacheka kwa fahari. Wamejiuliza kwa nini. Labda upepo wa ziwa. Labda umbo la kilima. Kuna mwenzake, alisema, ameshaandika sura nzima kuhusu jambo hilo katika kazi yake ya shahada.

Sura nzima. Nilikaa kwenye kile kiti nikihisi joto likinipanda kutoka shingoni hadi masikioni, mimi mwanamke mzima mwenye watoto wakubwa.

Alipotoa nafasi ya chai ya pili nilimfuata kwenye meza yake.

"Binti yangu," nikamwambia, "lile daftari ni langu."

Uso wake ulifunguka. Alinishika mikono yote miwili. "Mama! Kweli? Hujui tumekutafuta vipi!"

"Ngoja kwanza," nikasema. "Miezi miwili mitatu ya mwanzo ni ya kweli, ukiacha Jumamosi na Jumapili. Nyingine nyingi nilizibuni. Sikupanda."

Aliniacha mikono, si kwa hasira, polepole tu, kama mtu anayekumbuka kwamba ana kitu cha kufanya. Akakaa. Akafungua tarakilishi yake, akaangalia nambari zangu kwa muda. "Saba," alisema hatimaye, zaidi kwa nafsi yake. "Tulishangaa kwa nini kuna saba nyingi hivi. Nilisema ni ile glasi ilikuwa na kasoro." Kisha akainua macho. "Kuna nyingine za kweli katikati?"

"Kuna wiki tatu. Zenye sifuri nyingi."

"Hizo tulizitoa," alisema. "Tulidhani ndizo za makosa."

Nikavuta kiti nikaketi karibu naye.

"Mama, mbona hukusema?"

"Niliulizwa mara moja," nikamwambia. "Nikasema ndio."

Nilitarajia aniambie yaishe, yalikuwa mambo ya mtoto. Hakusema hivyo, na mpaka leo namheshimu kwa hilo. "Nambari nitaziondoa, na mwenzangu nitamwambia, hiyo ni kazi yangu," alisema. "Lakini hawa watu nimewaambia sasa hivi kwamba kilima chao kilikuwa sawa miaka ile. Kubadilisha hilo ni lazima wajue kwa nini. Si mimi wa kuwaeleza."

Basi nilisimama mbele, rafiki yangu. Nilisema kwa Kijaluo, ili nisijifiche nyuma ya lugha ya mkutano. Nilisema yote: Sabato, kiazi, umande wa migomba, baraza. Nilisema jina la dani kwa sauti.

Jirani yetu wa zamani ndiye aliyezungumza. Hakuinuka.

"Kwa hiyo siku ile," aliuliza, "yule mama alikuwa anasema ukweli?"

"Ndio."

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Alitazama mkongojo wake. "Na mimi nilimcheka," akasema. "Miaka hii yote nimekuwa nikisema, maskini, mwishoni alichanganyikiwa. Hata wakwe zangu nimewaambia hivyo." Akajiinua taratibu, akachukua mkoba wake, akatoka. Hakunitazama. Nilimwona kupitia dirishani akitembea peke yake kuelekea nyumbani, na sikuthubutu kumfuata.

Siku hizi kilima kinavaa wingu mara chache. Juu yake kuna mikaratusi iliyopandwa kwa mistari, na pale penye chemchemi kuna nyasi ngumu na jiwe, na watoto wa pale hawajui kwamba paliwahi kuwa na jina. Kumbikumbi bado wanatoka, wachache, siku yoyote wanayojisikia. Maji huletwa kwa pikipiki ndani ya mitungi ya manjano. Mambo mengi yaliyoondoka yangeondoka tu hata kama ningepanda kila asubuhi hadi miguu ikakatika. Sijipi ukubwa nisio nao. Mvua haikuacha kunyesha kwa sababu yangu. Lakini watu wangejua ilipoanza kuondoka, na mwanamke mmoja asingekufa akidhani macho yake ndiyo yaliyoharibika.

Kabla sijatoka ukumbini, binti yule aliniita nione. Alikuwa ameukata ule mstari mwekundu. Ulianza upande wa kushoto, ukaenda kidogo, kisha pakawa peupe, pana kama kiganja, halafu ukaanza tena mbali huko, kwenye miaka waliyopima wao wenyewe.

"Hapa katikati tutaandika kwamba hakuna anayejua," alisema.

Nilitikisa kichwa kukubali. Nilitaka kumwambia kwamba kulikuwa na mtu mmoja aliyetumwa akajue, akapewa glasi na daftari, na kilima kilikuwa pale kila asubuhi kikimngoja. Lakini hilo alikuwa ameshalisikia.